Malalamiko kuhusu bahari isiyo na upepo wala maji kujaa, na maombi kwa mchezo wenu ujao

Mtaa wa Mkomani,
Lamu.

Kwa Mkurugenzi wa Ubunifu,
Nakala kwa Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: UPEPO NA MAJI KATIKA MCHEZO WA TATU, NA MAOMBI KUHUSU MCHEZO WA NNE

Naandika kulalamikia nyongeza ya visiwa vya kusini mliyoiuza pamoja na mchezo wa tatu wa mfululizo wenu wa michezo ya kompyuta, na kuwaomba, maadamu mmekwisha kutangaza kwamba mchezo wa nne utakuwa wa visiwani kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbadilishe namna mnavyoitengeneza bahari. Matangazo yenu yaliahidi kwamba mchezaji angekuwa nahodha wa chombo chake mwenyewe, na kwamba bahari ingekuwa na mengi ya kuchunguzwa kama milima na misitu ya michezo miwili ya kwanza. Nililipa kwa ajili ya ahadi hiyo. Nilichokikuta ni eneo pana la rangi ya buluu ambalo chombo hulivuka kwa mwendo uleule, upande wowote, saa yoyote, bila nahodha kutakiwa kujua jambo lolote.

Kasoro kubwa zaidi ni upepo. Katika mchezo wenu tanga hujaa wakati wote, mchezaji aelekee kaskazini au kusini. Nilipokuwa nikicheza nyumbani, mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa jahazi, alisimama nyuma yangu akatazama skrini, kisha akauliza upepo unatoka wapi. Nilishindwa kumjibu. Bendera iliyo juu ya ngome ya bandari ilikuwa ikipepea kuelekea bara, moshi wa majiko ulikuwa ukipanda wima, na tanga langu lilikuwa limetuna kuelekea bahari kuu. Aliyeichora bendera ile ni fundi wa kweli, kwani hata nyuzi za ukingo wake uliochakaa zinaonekana zikichezacheza. Lakini inaonekana hakuna aliyewaketisha pamoja fundi wa bendera, fundi wa moshi na fundi wa tanga ili wakubaliane juu ya upepo mmoja.

Nawaomba mwanzie hapo: upepo mmoja, unaotawala kila kitu kinachopeperuka. Baada ya hapo wekeni majira. Kwetu kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwezi wa Desemba hivi hadi Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo vya Uarabuni na vya Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili, ikawa kali katikati ya mwaka hata vyombo vidogo vikafungwa bandarini, na ndiyo iliyovirejesha vyombo vya wageni makwao. Katikati ya pepo hizo huja tanga mbili, wakati ambapo upepo hautulii upande mmoja. Mfanyabiashara aliyechelewa kuondoka alilazimika kungoja miezi, akapanga chumba, akakopa, akaoa, akaingia katika ugomvi wa mji usiokuwa wake. Fikirieni ni visa vingapi vinazaliwa na jambo hilo moja pasipo mwandishi wenu kulazimisha chochote. Bei ya tende na ya vitambaa ingeshuka vyombo vinapowasili na kupanda vinapoondoka. Mgeni mwenye siri angekuwa mjini msimu mmoja tu. Na mchezaji aliyemkosa angejua kwa nini amemkosa.

Hata uendeshaji wenyewe wa chombo una utamu ambao mmeuacha. Chombo cha tanga la pembe tatu kikitaka kwenda kule upepo unakotoka hakina budi kubisha: huenda joshi, yaani kikiukaribia upepo, upande mmoja, kisha foromali, ule mti unaobeba tanga, huzungushwa na tanga likahamishiwa upande wa pili, kazi inayotaka mabaharia wanaoelewana kwa neno moja. Hivi sasa mhusika wangu hupata alama za uzoefu wa ubaharia kwa kuua papa. Ningependa azipate kwa kubisha vizuri kwenye mlango mwembamba, na mabaharia anaowaajiri wapate ustadi pamoja naye, ili chombo chenye watu waliozoeana kigeuze tanga upesi kuliko chenye watu waliookotwa jana.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa, nami naliona kuwa ndilo lenye faida kubwa kuliko yote kwa mchezo wa aina hii. Bahari yenu imesimama palepale. Katika visiwa vyetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya maji hufika mita 3 hivi. Katikati yake huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao vyombo vya kwenda Pate hupitia, hauna kina cha kutosha maji yakipwa. Magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, wenye msikiti mkuu ulio na nguzo juu ya ukuta wa kibla, hufikiwa kwa mashua kupitia hori iliyozungukwa na mikoko, na ni lazima uingie maji yakiwa yamejaa. Ukikawia ndani ya magofu, maji huondoka na mashua yako hubaki imeketi kwenye tope.

Tazameni mlivyoyatengeneza magofu yenu ya kisiwa cha mashariki: mlango, taa za kichawi zinazozimika moja baada ya nyingine, na saa inayohesabu sekunde kwenye kona ya skrini ili mchezaji ahisi haraka. Maji yangeifanya kazi hiyo bila saa ya kwenye skrini. Mchezaji angeingia na maji, angesikia hori ikipungua, na angeamua mwenyewe kama hazina ya chumba cha mwisho inastahili kulala na vizuka hadi maji yarudi. Najua wapo watakaosema kwamba kungoja kunachosha. Hesabu inawajibu: iwapo siku nzima ya mchezo huchukua saa moja ya kweli, maji yatapwa kwa robo saa tu, nao ni muda wa kupika, kuziba nyufa za chombo au kuzungumza na mabaharia. Aidha, mchezaji akishajua kwamba mwezi mpevu humaanisha bamvua, ataanza kutazama angani kabla ya kupanga safari, na hapo mtakuwa mmemfundisha kuisoma dunia yenu bila ya kumwandikia maelezo.

Wala si safari peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Pate na ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yaliishambulia Lamu, yakapambana na watu wa Lamu pale Shela, kijiji cha kisiwa hikihiki, yakashindwa, na inasimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Vita vyenu vya baharini havina hata chembe ya hayo. Mchezaji dhaifu anayezijua saa za maji angeweza kulishinda jeshi lililomzidi mara kumi, na huo ungekuwa ushindi wa kusimuliwa miaka mingi.

Hili linanipeleka kwa maadui wenu. Katika mchezo wa tatu kila adui hupanda kiwango pamoja na mchezaji, hata haramia wa kwanza niliyemkimbia mwanzoni aliponiona tena mwishoni alikuwa na nguvu sawasawa na zangu. Adui mkuu naye ni mrundo wa uhai wa kupunguzwa kwa upanga hadi uishe. Watoto wa pwani hii hukua na habari za Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilijulikana tu baada ya mwanawe mwenyewe kushawishiwa kumwuliza. Alipochomwa alitoka akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni, akafa hivyohivyo, na watu wa mji kwa kumdhania yu hai wakakaa bila maji kwa kuogopa kumkaribia. Kisa hicho kimebeba mambo yote ambayo adui wenu mkuu ameyakosa: udhaifu unaopatikana kwa kuaminiwa, usaliti ambao mchezaji angeweza kuukataa, na mji unaoteseka kwa ushindi ulioutamani. Sisemi mkichukue kisa hiki. Nasema kwamba adui mwenye nguvu zisizobadilika, anayeweza kushindwa na anayemjua, hutisha kuliko adui anayepimwa upya kila mchezaji anapopanda kiwango.

Kuhusu majengo nitasema machache. Nyumba za bandari yenu zimeigwa wazi kutoka miji kama huu wangu, zina madaka (vibaraza vya mlangoni), zidaka (vishubaka vya ukutani) na milango ya nakshi, nami nilifurahi kuviona. Lakini kumbi zake ni pana kama ghala. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio hukata upana wa chumba. Mapambano ndani ya chumba cha namna hiyo, au kuvuka kutoka nyumba hadi nyumba kwa wikio, yaani kivuko kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, yangekuwa tofauti kabisa na mapambano ya kumbi za kaskazini mlizozizoea.

Siombi mwondoe mshale unaoonyesha njia, wala uwezo wa kufika mbali papo hapo. Wako wachezaji wenye muda mchache na wako wenye macho dhaifu. Naomba viwe hiari, na kazi za mchezo ziandikwe kwa namna inayomwezesha aliyeuzima mshale kufika: mtu aseme kisiwa kiko upande gani wa mwingilio wa bandari, na kwa upepo upi kinafikika. Badala ya kuruka kutoka ramani hadi ramani, mchezaji alipe nauli kwenye chombo kinachoondoka majira yanaporuhusu.

Nililiandikia suala la upepo Idara yenu ya Huduma kwa Wateja. Nikajibiwa na mashine kwamba nizime kompyuta na kuiwasha tena, kisha malalamiko yangu yakafungwa kama yaliyotatuliwa. Jibu hilo liliniudhi kuliko kasoro yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Malalamiko yangu yafunguliwe tena na yasomwe na mtu anayehusika na ubunifu. Mchezo wa tatu upewe sasisho litakalofanya angalau bendera, moshi na matanga vifuate upepo mmoja, kwa kuwa tulikwisha kuulipia. Na kabla hamjaanza kuuza mchezo wa nne kwa malipo ya awali, mseme hadharani, kwa maneno yasiyo na utata, iwapo bahari yake itakuwa na majira ya upepo na itajaa na kupwa, ili sisi tunaoingoja kwa hamu tujue tunachokinunua. Iwapo mtahitaji watu wa kuujaribu mchezo wenu kabla haujatoka, hapa Lamu wapo manahodha na vijana wachezaji walio tayari kuketi pamoja mbele ya skrini moja, nami niko tayari kuwakutanisha.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu tangu mchezo wa kwanza,
Lamu.