Kusitiri si kuficha

Ndugu Mhariri,

Mara tatu katika majuma machache yaliyopita nimekuta katika habari za mahakamani, na si za gazeti lako peke yake, neno "kusitiri" likitumiwa pale mwandishi alipotaka kusema kuficha: mtuhumiwa "alisitiri ushahidi", mhasibu "alisitiri stakabadhi". Naomba nafasi nieleze kwa nini matumizi hayo yananitia uchungu.

Tofauti inaonekana kwa yule anayetendewa. Nikisema "amenificha jambo", mimi ndiye niliyenyimwa. Nikisema "amenisitiri", mimi ndiye niliyefaidika, kwa kuwa amenipa nguo nilipokuwa sina, au mahali pa kulala, au amelipa deni langu kimyakimya kabla wadai hawajanijia mlangoni. Ndiyo maana maiti akishazikwa husemwa kuwa amesitiriwa, wala hakuna mfiwa atakayevumilia kuambiwa kwamba baba yake amefichwa. Na ndiyo maana pia vyumba wanavyotengewa wasichana shuleni kwa ajili ya siku zao za hedhi huitwa, hapa kwetu Tanzania, vyumba vya kujisitiri. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, satara, yaani kufunika, na nduguye ni stara. Siri, ambayo wengi huidhani kuwa ya ukoo huo, ina mzizi mwingine kabisa katika lugha hiyohiyo. Wanaoandika "setiri" au "stiri" sina ugomvi nao.

Ushahidi hauna uchi wala haya. Hufichwa tu.

Linaloniumiza zaidi ni pale kosa hili linapotoka kwenye karatasi na kuingia nyumbani. Nimekaa katika kikao cha ukoo ambamo mtoto wa kike alikuwa amedhulumiwa na jamaa wa karibu, na wakubwa, baada ya kukohoa na kutazamana, wakasema: "Jambo hili tulisitiri." Aliyesitiriwa pale ni nani? Si mtoto, aliyebaki na maumivu yake na kuamriwa anyamaze, bali ni mkosaji, ambaye kwa Kiswahili sahihi alifichwa, tena alifichwa asifikiwe na sheria. Neno tunalolitumia katika dua, tunapomwomba Mungu atusitiri, lilifanywa kitambaa cha kumziba mtoto kinywa. Gazeti linapoandika kwamba familia "ilisitiri" unyama wa namna hiyo, linaupa ufichaji heshima usiyoistahili. Naomba wahariri wako waandike "ilificha", bila kulainisha.

Lakini mnapoziba uso wa mtoto aliyetendewa ubaya, na jina lake mkaliacha nje ya habari, hapo mnamsitiri. Na siku mtakapotaka kuwaeleza wasomaji sababu ya kufanya hivyo, liandikeni neno hilo waziwazi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga