Umeandikiwa "kipimo cha kongosho"? Soma hii kabla hujaja na kikopo

Karatasi nyingi tunazoletewa hapa maabara, Chake Chake, zimeandikwa "kipimo cha kongosho", basi. Kipi? Kongosho lina kazi mbili. Ya sukari hupimwa kwa damu. Ya pili ni kumwaga maji ya kusagia chakula, na hiyo ndiyo ya kutazamwa ikiwa choo chako kina mafuta, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga makopo matatu ya maji, na unakonda ilhali unakula. Amilesi na lipesi za damu, yaani vimeng'enya vya kongosho vya kusagia chakula, hazitoshi hapa: hupanda kongosho likivimba ghafla, lakini lililochakaa kwa miaka huweza kutoa majibu mazuri tu.

Kipimo cha kulichochea hutumia sekretini, homoni iliyogunduliwa London mwaka 1902. Mgonjwa hulala na njaa, hupitishwa mpira mdomoni mpaka utumbo wa mwanzo, kisha huchomwa sekretini mshipani: maikrogramu 0.2 kwa kila kilo, yaani 12 kwa mtu wa kilo 60. Maji huvutwa kila dakika 15 kwa saa nzima. Baikabonati, ile chumvi ya kuzima asidi iliyomo kwenye maji hayo, isipofika milimoli 80 kwa lita hata mara moja, kongosho limepungukiwa. Mpira ukikaa vibaya, asidi ya tumbo huingia humo na kuila baikabonati, na kongosho zima likaonekana bovu. Kazi hiyo ni ya hospitali yenye kamera ya tumbo, si yetu.

Sisi tunaanza na elastasi ya kwenye choo, kimeng'enya kinachopita utumbo mzima bila kuharibika. Zaidi ya maikrogramu 200 kwa gramu ni kawaida, chini ya 100 limepungua sana. Katikati hapo tunamwachia daktari aamue. Huhitaji kufunga.

Majibu huharibikia msalani. Tandika gazeti au beseni kavu, chota kwa kile kijiko cha kwenye kifuniko kiasi cha kokwa ya tende, ndipo utawaze. Maji ya kopo yakigusa sampuli huizimua na namba hushuka. Kuharisha nako ni hivyo hivyo: ukiwa na choo cha maji, au umekunywa haluli, ngoja kigande kwanza. Andika jina na saa, weka kwenye friji, tuletee siku hiyo au asubuhi yake, kabla sampuli hazijateremka Mkoani kupanda boti ya Unguja.

Aliyekwishaanza vidonge vya vimeng'enya asiviache, maana kipimo chetu husoma elastasi ya binadamu tu. Vidonge vyenyewe hutokana na kongosho la nguruwe, na wengi hawaambiwi mpaka wameshameza. Muulize daktari, na shekhe wako ukipenda, kabla dawa haijaandikwa.