Besi si kushushwa, somo

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Barua yako nimeipata. Kumbe bendi ya hapo Lindi imekutoa kwenye gitaa la solo ikakupa gitaa la besi, nawe umenuna! Umeandika "wamenishusha". Mimi niliye kwenye besi mwaka wa tisa sasa ndiyo niko chini siku zote, au siyo?

Basi nikupe habari za Jack Bruce, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1943 karibu na Glasgow. Alisomea cello chuoni, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti. Usiku akawa anapiga besi kwenye jazi kutafuta riziki. Nasema jazi yenyewe, maana hizi zetu za kina Morogoro Jazz zilikuwa dansi tupu (nazo nazipenda, usije ukanigeuzia maneno). Wakubwa wa chuo wakamkataza. Akawaachia chuo chao.

Mwaka 1966 akaunda bendi ya Cream na Eric Clapton kwenye solo, Ginger Baker kwenye ngoma. Watu watatu, basi. Hakuna gitaa la rizim wala kinanda, kwa hiyo pengo lote ni la besi kuliziba, na nyimbo nyingi aliziimba yeye mwenyewe. Juzi nilimchomekea kwenye sabufa ya kinyozi wangu, maana simu haitoi besi. Kioo kikaanza kulia ukutani. Kinyozi akazima mashine, nusu ya kichwa changu bado: "Anayeimba nani?" Nikamwambia ni huyohuyo mwenye besi. Hakuamini. Sauti inakwenda huku, vidole vinakwenda kule! Nilipofika nyumbani nikajaribu. Mdomo ulifuata vidole kama mbuzi wa kamba.

Na Baker hawakupatana hata kidogo. Baker ndiye aliyemfukuza Bruce kwenye bendi yao ya zamani, bado wakarudi kupiga pamoja. Cream ilivunjika 1968. Mwingine angekaa ale jina. Yeye mwaka 1970 alikuwa kwenye bendi ya Lifetime, kwa mpiga ngoma Tony Williams, akipiga jazi ya umeme isiyokuwa na fedha. Hapo ndipo ninapompendea. Mwaka 2003 alibadilishwa ini, akaponea chupuchupu, na miaka miwili baadaye Cream wakakutana tena jukwaani London, Baker yuleyule nyuma yake. Alifariki 2014, ana miaka 71.

Jumamosi tulipiga harusi Chikongola. Nikajifanya Bruce, besi ikazurura weee, mpaka mpiga ngoma wetu akanikata jicho na bibi harusi akapotewa na mguu. Nikarudi kwenye mstari haraka. Malipo yalikuwa bado mfukoni kwa mjomba wa bwana harusi.

Ukipita Dar nitafutie seti ya nyuzi za besi. Ule mnene wangu umeshika kutu kwa upepo huu wa bahari, na msimu wa korosho ukianza harusi zitafuatana.

Msalimie shemeji.

Wako,
Somo