Asante mzee wa Gerezani, popote ulipo

Shikamoo mzee wangu. Jina ulikataa kunipa kwa hiyo nakushukuru hivi hivi hadharani. Ile Peugeot 404 aliyotuachia babu, ya gia za kwenye usukani, kila fundi niliyemwonyesha alitaka kung'oa injini aweke ya Toyota eti spea hakuna, na wa rangi nao washaanza kunipigia bei ya metaliki (metaliki jamani, kwenye 404!). Wewe ukafungua boneti ukacheka, ukaniambia 404 ndo Bert Shankland wa hapa hapa Dar alishindia Safari Rally 1966 na 1967, na injini imelazwa upande makusudi na waliotengeneza, haijakaa vibaya, usiiguse. Ukashusha kabureta ukasafisha jeti moja moja kwa petroli, gasketi ukaikata mwenyewe kwa mkasi, ikawaka! Kutu ya chini ya milango ukakwangua ukasema piga praima hapo tu, rangi ya babu iache na mikwaruzo yake. Na hela ukachukua ya soda tu. Mama kashaipanda mpaka Bagamoyo na kurudi. Ukiiona barabarani isimamishe mzee, soda nyingine ipo.