Barua kwa Mama: Presha, Mawazo na Milango ya Kalsiamu

Freiburg, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Salamu zangu zimfikie Mjomba na wote hapo nyumbani Bombo. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku sijaizoea.

Uliniambia kwamba umeacha vidonge vyako vya presha, amlodipini, kwa kuwa Mjomba amesema presha ni mawazo tu, na tangu kesi ya shamba iishe moyo wako umetulia. Sipendi kumbishia mkubwa wangu, na kwa kweli hakukosea yote.

Ukuta wa mshipa wa damu umezungukwa na misuli laini, na kila seli ya misuli hiyo ina milango midogo ya kupitishia kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu huzidi ile iliyo huru ndani kwa takriban mara 10,000, hivyo mlango ukifunguka huingia kwa kasi. Mtu akishikwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na ncha za neva humwaga noradrenalini kwenye mishipa yenyewe. Homoni hizo hushika vipokezi vya seli, yaani sehemu zinazopokea ujumbe wake, akiba ya kalsiamu iliyomo ndani huachiliwa, umeme wa utando, yaani ngozi nyembamba ya seli, hubadilika, na ile milango ya nje nayo hufunguka. Ndipo misuli inapojikunja na mshipa kuwa mwembamba. Upana ukipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya damu huongezeka mara 16, na presha hupanda! Kotisoli, homoni ya mawazo ya muda mrefu, huufanya mshipa uitikie adrenalini kwa nguvu zaidi.

Basi Mjomba amemtaja anayebisha hodi, lakini kidonge chako hulinda mlango. Hakiondoi mawazo, huizuia kalsiamu isiingie kwa wingi, jambo ambalo Profesa Albrecht Fleckenstein alilichunguza katika mji huu huu miaka ya 1960. Tena wanaobisha hodi ni wengi: chumvi, umri, figo, na damu ya ukoo. Marehemu Bibi hakuwa na kesi na mtu yeyote, na presha alikuwa nayo.

Ulijiona mzima siku mbili baada ya kuacha kwa sababu amlodipini hutoka mwilini polepole: huchukua saa 30 hadi 50 kupungua kwa nusu. Hukuwa umepona, Mama, bali dawa ilikuwa bado inafanya kazi.

Kuhusu miguu kuvimba, dawa hii hulegeza zaidi mishipa midogo inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, maji yakavuja kwenye vifundo. Usinyamaze wala usijiamulie. Mweleze daktari, naye anaweza kupunguza kipimo cha dawa au kukubadilishia dawa.

Nitapiga simu Ijumaa baada ya sala. Tafadhali upimwe kabla ya hapo, unisomee namba zote mbili.

Mwanao akupendaye