Vifungo vya Mama

Shoga yangu Zubeda,

Salaam aleikum. Huku Tanga sote wazima, mvua tu. Nisamehe kwa ukimya huu tangu Idi. Leo usingizi umenipaa kwa ajili ya mama.

Jumamosi kwa kina Mwanahawa alikuwa akimvalisha mjukuu shati. Kifungo kimoja kilimshinda! Vidole vinapapasa, kinachoropoka, mpaka mtoto akajifunga mwenyewe. Nikamuuliza habari za mkono. "Maumivu yamekwisha, mwanangu, alhamdulillahi." Wote mkashukuru, mimi ndipo nilipoogopa.

Ile shida ya mkono ya mwaka jana ilikuwa mzizi wa neva, pale neva ya mkono inapotoka shingoni. Diski za shingoni zikisinyaa kwa umri, mifupa huota vijinundu vikaubana mzizi pale unapotokea, na mtu analia mkono mzima: ukibanwa mzizi wa 6 wa shingo ganzi huwa kwenye dole gumba, wa 7 kidole cha kati. Wengi hupona bila kisu. Lakini ukibanwa uti wa fahamu wenyewe, ule ugwe wa neva unaopita ndani ya mifupa ya shingo na mgongo, mara nyingi hakuna maumivu. Mikono inapoteza ustadi, miguu inakuwa mizito. Na mama, Zubeda, alivuka kizingiti ameshika mlango.

Wapasuaji wana madaraja ya Nurick ya tangu 1972, ya kupima ubanaji huo umefika wapi. 0 ni dalili za mzizi peke yake, 5 ni mtu asiyetoka kwenye kiti au kitandani. Ila hayo yanapima mwendo tu. Kipimo cha alama 18 kilichotokana na cha Wajapani kinauliza na mikono, hisia, hata mkojo, na humo mna kifungo cha shati hasa: asiyeweza kukifunga ila anakula kwa kijiko, mkono wake hupewa 2 kati ya 5. Kila nikikumbuka lile shati namhesabia mama alama.

Nakuomba mlete wiki hii hii aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, apigwe MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya shingo. Upasuaji lengo lake kwanza ni kuzuia yasizidi. Kilichopotea hakirudi chote kila mara. Na yule mkandaji wa Salim asiiguse shingo yake, tafadhali, wala asiivute.

Maumivu yalikoma lini hasa? Ameshaanguka? Mkojo anauwahi? Picha za mwaka jana mnazo bado? Mwambie afumbe na kufumbua ngumi upesi umhesabie: anafika mara 20 kwa sekunde 10? Nipigie usiku huu huu, hata saa sita. Kitanda cha mama nimeshatandika.

Wako,
Mwanaidi