Mheshimiwa, njoo Jumanne usiku

Kwa Mheshimiwa unayetuwakilisha Washington, sisi wa viunga vya Dallas,

Pokea salamu zangu. Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza niliziandika kwa Kiingereza, zote zikajibiwa kwa maneno yale yale, hata koma haikuhama: asante kwa kutuandikia, maoni yako ni muhimu kwetu. Sasa naandika kwa Kiswahili, hadharani. Wakenya wenzangu wakisoma, angalau atatokea wa kujibu kwa kichwa chake.

Mume wangu ameendesha lori nchi hii miaka 16, na kodi ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee na walemavu, ikikatwa kwenye kila mshahara. Sasa ana ALS, ugonjwa wa neva unaolemaza misuli ya mwili kidogo kidogo. Mikono ilitangulia, ikafuata miguu, na tangu Februari hana sauti. Uji anaupata kwa mpira wa tumboni. Mimi kazi yangu ni kukesha kwenye nyumba za watu, nikiwageuza wazee wao na kuwabadilisha nepi. Nalipwa kumtunza baba wa mtu nisiyemjua, huku baba watoto wangu analindwa na binti wa miaka 14.

Jumanne iliyopita, saa kumi alfajiri, makohozi yalimkaba. Binti alishika mashine ya kunyonya kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, nami nikamwelekeza kwa kunong'ona, nimejifungia chooni mwa mwajiri: pole pole, usisukume, toa, ngoja, rudia. Baba yake akapata pumzi. Mtoto akaenda shuleni, akasinzia katikati ya mtihani wa hesabu.

Jumamosi tukaitazama tena filamu ya 2021 inayomhusu Ady Barkan, mwanaharakati wa Marekani aliyepigania matibabu, Not Going Quietly. Kijana yule alikuwa na ALS kama mume wangu. Desemba 2017 alimkabili Seneta Jeff Flake ndani ya ndege, akimsihi asiiunge mkono ile sheria ya kodi aliyohofia ingepunguza pesa za matibabu. Flake alimsikiliza kwa heshima, kisha akaipigia kura ya ndiyo. (Heshima ya aina hiyo naijua, nimetoka Kenya.) Aprili 2019 Barkan alifika mbele ya kamati ya Bunge lenu, kompyuta ikimsemea, akaeleza kwamba kutunzwa nyumbani usiku na mchana kunamgharimu dola 9,000 kwa mwezi, na kwamba anachangiwa. La sivyo aende nyumba ya wazee, amwache mke na mtoto.

Hapo mume wangu akapepesa macho mara mbili. Kwetu hiyo ni "rudisha nyuma". Tukarudisha. Mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, anayejulikana nchi nzima, anaishi kwa harambee! Yetu kanisani imeshafanyika mara mbili. Ya tatu naona haya hata kuitaja kwenye kundi la WhatsApp. Barkan alifariki tarehe 1 Novemba 2023, ana miaka 39.

Tafadhali usinijibu kwamba mume wangu ana Medicare. Anayo, na waliopitisha sheria ya kuwaondolea wenye ALS ile miaka miwili ambayo walemavu wengine huisubiri Medicare nawashukuru. Lakini Medicare hailipi mtu wa kukesha na mgonjwa. Wa kulipa ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na huko tuko kwenye orodha ya kusubiri. Nikipiga simu naambiwa orodha inasonga. Inasonga kwenda wapi, Mheshimiwa? Kisha tarehe 4 Julai 2025 ikasainiwa sheria ya kupunguza pesa za Medicaid. Uliiunga mkono, ukatuahidi kwamba mgonjwa wa kweli hataguswa. Mgonjwa wa kweli yukoje? Na kwa nini uliiunga mkono? Labda ni michango ya makampuni ya bima kwenye kampeni zenu. Labda ni kwamba hakuna kati yenu aliyewahi kumgeuza mtu wa kilo 90 peke yake. Siasa zenu sizijui, ila mgongo wangu naujua.

Barkan alidai Medicare ya kila mtu. Nami naitaka, lakini nimechoka kudai makubwa. Naomba mtu mmoja aliyefundishwa, kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Usiku tu. Mchana nitajikaza.

Kama hayupo, basi njoo mwenyewe Jumanne. Nitakuwa kazini, binti atakufungulia. Mashine iko kushoto mwa kitanda. Akipepesa mara tatu, amekabwa.

Mpiga kura wako,
Mama watoto